Kiwanda Mkiani mwa Mfereji

Hebu fikiria ni wewe. Msimu wa plamu umekolea, pikipiki zinashusha makreti tangu asubuhi, harufu ya jamu imejaa mpaka barabarani, halafu getini linaingia gari jeupe la serikali. Anashuka dada mmoja mfupi, kavaa buti, kabeba boksi la vichupa vitupu, na wala hapiti ofisini. Anakwenda moja kwa moja nyuma ya kiwanda, kule ambako wageni huwa hawapelekwi.

Ungefanya nini? Wengi hapo wangekumbuka ghafla kwamba wana msiba Korogwe. Esteria, meneja wa kiwanda cha jamu cha Kwemsambia, alivua viatu vyake vya ofisini, akaazima buti za mtunza stoo zilizompwaya kama ndoo, akamkimbilia yule mgeni.

"Karibu, dada. Naweza kuzunguka na wewe?"

"Kunisindikiza au kunizuia?"

"Kuona. Ukiona kitu nioneshe, na mimi nikione."

Yule dada, jina lake Janeth, afisa wa mazingira kutoka mkoani, akamtazama kama mtu aliyenunua parachichi barabarani akalikuta zima kila upande. Viwanda alivyozoea, akifika anapewa kiti, soda na hadithi ndefu. Huyu anataka kuoneshwa!

Basi wakaona. Jamani, waliona! Kiwanda kilikuwa na tangi kubwa la zege, limejengwa makusudi ili maji machafu ya kuoshea mitambo yatulie humo na kusafishwa kabla hayajatoka nje. Janeth akafunua mfuniko. Ndani kulikuwa na makreti mabovu, magunia matupu ya sukari, na baiskeli.

"Baiskeli ya nani hii?"

Heri, fundi wa mitambo, kijana wa Mombo mwenye jibu la kila kitu, akakohoa. "Ya mlinzi wa zamani hiyo, dada. Alihama."

"Akaiacha kwenye tangi la maji machafu?"

"Halikuwa na maji, dada."

Esteria alitamani ardhi immeze na buti zake. Umeneja alikuwa nao tangu masika, na hilo tangi alilipita kila siku, lakini mfuniko hakuwahi kuufunua. Sasa kama tangi ni stoo, maji machafu yanakwenda wapi? Janeth akalifuata bomba kwa miguu, linapopinda na yeye anapinda, mpaka likatokeza kwenye mfereji wa wakulima. Matone ya jana yalikuwa bado yanadondoka. Akayakinga kwa karatasi yake ya kupimia. Karatasi ikageuka bluu iliyoiva.

Ilikuwa kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Kiwandani wanaitumia kuoshea matangi ya kupikia jamu. Ukiigusa inateleza, ukiizoea inakuchuna ngozi.

Janeth hakugomba. Aliwakusanya wafanyakazi uani akasema yaliyo ya kusema: maji yanatoka yakiwa makali kupita kiwango, tangi halifanyi kazi, kibali cha kumwaga hakuna. Faini ipo. Kuanzia sasa hakuna tone la maji machafu kutoka mpaka parekebishwe. "Nitarudi baada ya mwezi. Nikikuta hivi hivi, nafunga." Akapanda gari lake, vumbi likabaki.

Heri akamsogelea meneja, sauti chini. "Usihofu bosi, hili tunalijua. Si ndiyo maana matangi tunaosha jioni? Tunafungulia maji wakulima wakisharudi makwao. Usiku kucha yanashuka zake bondeni, mpaka Mombo kwetu huko. Asubuhi mfereji msafi, hakuna aliyeumia. Hata wewe ulisema tuendelee hivyo hivyo."

Na kweli alisema! Wiki ya kwanza kazini walimweleza kwamba maji hutolewa jioni kwa heshima ya wakulima, naye akaona, lo, kiwanda gani chenye adabu namna hii.

Simu ikalia. Ni Kristian, mwenye kiwanda, yupo Tanga mjini. Habari zilishamfikia, habari za hivyo huwa zinapanda gari la mbele.

"Lipa hiyo faini, kazi iendelee. Plamu hazina subira."

"Bosi, ningependa kwanza kujua yale maji yanakwenda wapi."

"Yanakwenda chini, Esteria! Siku maji yakipanda juu ndiyo unipigie."

Akakata.

Sasa hapa ndipo unapomjua mtu. Jioni ile Esteria hakwenda nyumbani. Aliteremka kwa miguu akiufuata mfereji, kupita matuta ya kabichi na karoti, kupita migomba, mpaka ulipoingia kwenye ndiva, lile bwawa dogo la udongo ambalo wakulima wa chini wanalitegemea. Akamkuta mama mmoja ameinama kwenye mlango wa bwawa, khanga kaifunga kiunoni, anaziba tundu kwa kipande cha mgomba na udongo, anashindilia kwa kisigino.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa jamu?"

"Ndiye. Unaziba ili iweje, mama?"

Yule mama akanyooka, akamwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye zile buti, akacheka. Aliitwa Tatu, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa, mkiani mwa mfereji.

"Umetokea wapi wewe mtoto?"

"Bungu."

"Ndiyo maana. Kwenu huko mvua haichoki, hamjui kulaza maji." Akamweleza kama anavyoelezwa mkwe mgeni. Mchana maji ni machache, walio juu wanayamaliza. Kwa hiyo jioni kila mtu anafunga mlango wake, na mfereji mzima unateremka kulala bwawani. Asubuhi bwawa likifunguliwa maji yanatoka na nguvu, yanafika mpaka mkiani. "Yasipolala, mimi huku napata tope tu na salamu."

Esteria akageuka kuutazama mfereji. "Kwa hiyo usiku hakuna maji yanayokwenda Mombo?"

"Hata tone la kunawa. Yote yanalala hapa."

Umeona mambo? Wale kiwandani, kwa adabu yao yote, walikuwa wanasubiri jioni ili wasiwadhuru watu, na jioni ndiyo saa yenyewe ambayo kila tone la kostiki linakwenda kuwekwa akiba. Wafanyakazi wenyeji, wale akina mama wa kuchambua plamu, wangewaambia. Lakini wao hutoka kazini alasiri. Hawakujua bomba linafunguliwa saa ngapi. Na Heri wa Mombo hakujua maji yanalala.

"Njoo uone saladi zangu," Tatu akasema. Majani yalikuwa yamekauka pembeni, yamejikunja kama yamepigwa pasi. "Nimenunua dawa mara mbili. Dukani wananiambia ni ukungu."

Fikiria tena ni wewe. Mama wa watu anasema ukungu. Duka la pembejeo linasema ukungu. Hakuna anayejua ila wewe. Unaweza kusema pole mama, ukarudi zako, ukarekebisha bomba kimyakimya, na siri ikaoza na zile saladi.

"Mama, si ukungu," Esteria akasema. "Ni sisi."

Akamweleza yote, pale pale, bila kuruka kitu. Tatu alirudi kwenye mlango wa bwawa, akainama, akalishika lile gogo la mgomba alilolishindilia muda si mrefu, akaling'oa. Maji yakafumuka, yakapita pembeni ya mashamba, yakaporomoka korongoni kwenda kupotea bure.

"Mimi haya siyalazi," akasema. "Jumamosi ni msaragambo wa kusafisha mfereji, watu wote watakuwepo. Kuna wanaotaka mkatwe maji, tangu walipoliona lile gari. Nilikuwa nawaambia tungoje. Sasa uje ukaseme mwenyewe, au nitasema mimi."

Kukatwa maji ni nini? Kiwanda kilikuwa kinachota kutoka mfereji ule ule, juu kabisa, karibu na chanzo. Kamati ya mfereji ikifunga mlango ule, hakuna plamu ya kuoshwa wala jamu ya kupikwa. Ndiyo basi.

Asubuhi Esteria akasimamisha kiwanda. Katikati ya msimu! Plamu zilizokuwa ghalani zikauzwa mbichi kwa wachuuzi wa Mombo, na wafanyakazi wote wakapewa majembe na ndoo wakaanza kulitoa lile tangi uchafu. Kristian alipopiga simu, sauti yake ilisikika mpaka kwa akina mama wa kuchambua.

"Nani kakwambia ufunge kiwanda changu?"

"Hakuna, bosi. Nimeamua."

"Basi sikiliza. Ukinyimwa maji Jumamosi, Jumatatu usije ofisini."

Esteria akaweka simu mfukoni, akakaa juu ya kreti. Hadija, kiongozi wa wachambuaji, mama mcheshi aliyezaliwa hapo hapo Kwemsambia, akaja akakaa naye.

"Meneja mwanangu, Jumamosi unakwenda na nini?"

"Sijui. Mameneja wa zamani walikuwa wanakwenda na nini?"

"Hawakuwa wanakwenda. Wanamtuma dereva na bahasha na makreti ya juisi." Hadija akacheka. "Watu juisi walikunywa. Hasira hawakuimeza. Sikiliza nikwambie: kwenye mfereji, aliyeharibu anakwenda mwenyewe. Unavua viatu, unasimama ndani ya maji, jembe mkononi, unasema ulichofanya kabla mwenyekiti hajakuuliza. Ukisema wewe kwanza, wewe ni mtu aliyekosea. Ukingoja kuulizwa, wewe ni mwizi."

"Halafu?"

"Halafu unalima mfereji kama wenzako, na msimu mzima zamu yako ya maji inahamishiwa mkiani. Unapata mwisho, baada ya kila mtu. Hapo ndipo akili inakukaa."

Jumamosi ikafika. Ukungu ulikuwa bado umekalia mashamba, watu wamejaa kingo zote mbili, majembe, fyekeo, vicheko, watoto mgongoni. Esteria akaja na wafanyakazi wake wote nyuma yake, kila mtu na jembe. Akavua viatu. Maji ya asubuhi ya Usambara unayajua, yanakata mfupa! Akaingia, akasimama. Akafungua mdomo.

Hapo hapo, prrrr, pikipiki. Heri huyo, anateremka na makreti ya juisi yamefungwa kwa mpira nyuma.

"Nimeongeza la kutuliza koo, bosi!" akapaza sauti kwa furaha.

Umati ukanuna. Mzee Abubakari, mwenyekiti wa mfereji, mkulima wa kabichi mwenye ulimi kama wembe mpya, akasema, "Eheee. Dereva kabadilishwa, mzigo ni ule ule."

"Heri," Esteria akasema bila kugeuka, "rudisha."

"Hata kreti moja, bosi? Kwa wazee?"

"Rudisha. Kisha uje na jembe."

Pikipiki ikageuka na aibu yake. Watu wengine wakaanza kucheka, na kicheko kile kilimsaidia kidogo Esteria kuvuta pumzi.

"Shikamooni wazee wangu. Habari zenu, mama zangu na kaka zangu. Naitwa Esteria, ni meneja wa kiwanda. Tulikuwa tunamwaga maji ya kostiki kwenye mfereji huu kila jioni. Tulidhani usiku yanapita. Hatukujua yanalala. Yamelala bwawani na kuunguza mashamba ya chini, na la mama Tatu zaidi. Mimi niliambiwa, nikakubali, sikuteremka kuangalia. Kosa ni langu."

Wee! Pakachafuka. Mmoja anapiga kelele kuhusu karoti zake, mwingine kuhusu mbuzi, mwingine anasema yeye alijua siku nyingi ila hakuna aliyemsikiliza. "Wakatwe! Wakatwe leo leo!" Na akina mama wa kiwandani, ambao nao ni wakulima wa mfereji huo huo, wanajibu: "Mkikata, mtoto wako ataajiriwa na karoti?" Abubakari akanyanyua jembe lake juu mpaka kukawa kimya.

"Binti kasema mwenyewe, kabla sijamuuliza. Hilo tumelisikia. Sasa sheria ya mfereji inajulikana: aliyeharibu anahamia mkiani msimu mzima. Mkulima tunamhamisha. Sasa hiki kiwanda, jamani, tutakihamishaje? Tukibebe kichwani?"

Watu wakaangua kicheko. "Labda tukikokote na ng'ombe!" mmoja akadakia.

"Kwa hiyo," Abubakari akaendelea, "kama hakiwezi kwenda mkiani, hakuna adhabu nyingine iliyobaki ila kukikata."

Esteria alikuwa hajalala vizuri tangu Hadija amweleze ile sheria. Alikuwa ameizungusha kichwani kila upande.

"Mzee wangu, jengo halihami," akasema. "Bomba linahama."

"Bomba gani?"

"La kuchotea maji. Tutaliondoa kule juu. Tutachota mkiani, chini ya bwawa, baada ya mama Tatu kumaliza zamu yake. Tutayapandisha kwa pampu."

Abubakari akashusha jembe, akategesha sikio.

"Rudia," Abubakari akasema.

Akarudia.

"Yaani uchafu wenu ukitoka, unateremka, unalala bwawani, unapita kwa Tatu, halafu unarudi kwenye sufuria zenu za jamu?"

"Ukitoka, ndiyo. Ndiyo maana hautatoka."

"Na hiyo jamu mnauza wapi?"

"Arusha, Dar. Mahotelini."

"Mungu wangu," akasema mama mmoja, "watajiharibia wenyewe!"

"Hapo sasa!" Abubakari akapiga paja. Macho yake yalikuwa yameanza kumpenda huyu binti, ingawa mdomo haukuwa tayari. "Tatu, wewe ndiye wa mkiani. Unasemaje?"

Tatu akajitokeza mbele, mikono kiunoni. "Nasema hayo ni maneno. Nishasikia maneno mazuri kuliko hayo, na saladi zikaungua. Wafungiwe maji. Wakishaweka hilo bomba lao, na mimi nikimwagilia mwezi mzima nikaona, ndiyo nitasema."

Ikapita hivyo. Kiwanda kikafungiwa maji mpaka msaragambo wa mwezi unaofuata, na siku hiyo neno la Tatu ndilo litakaloamua. Kisha kila mtu akainamia kazi. Esteria alilima mfereji mpaka viganja vikatoka malengelenge, na Heri alilima karibu naye, bila jibu la chochote.

Jumatatu Esteria hakwenda ofisini, kama Kristian alivyomwambia; alikwenda moja kwa moja tangini. Halafu huo mwezi sasa! Ungewaona! Tangi likasafishwa mpaka zege likang'aa. Ile baiskeli Heri akaitengeneza, akawa anaitumia kukimbizia vipuri. Esteria alisomea mambo ya vyakula Morogoro, na alijua kitu kimoja kizuri mno: maji ya kuoshea plamu ni makali kwa uchachu, na maji ya kostiki ni makali upande wa pili. Yakikutanishwa tangini kwa vipimo, yakatulia, yanavunjana nguvu. Wakajaribu kwa plamu na maji ya ndoo mpaka ile karatasi ya kupimia ikatulia kwenye kijani. Wakapunguza na kostiki yenyewe: kabla ya kuosha, watu wanaingia na miko ya mbao wanakwangua tangi la jamu kwanza, na makapi yanakwenda kwa wafugaji. Mteremkoni, chini kidogo ya tangi, wakachimba mabwawa madogo yanayopokezana, wakapanda matete, ili maji yachujike tena kabla ya kuugusa mfereji. Akina mama walichimba wanaimba, wimbo wenyewe unamsema Heri na makreti yake.

Esteria akanunua miche ya saladi, akateremka kumpandia Tatu. Tatu akasimama pembeni akimtazama.

"Nani kakufundisha kupanda hivyo?"

"Mama yangu."

"Alikuwa na haraka. Ng'oa, anza upya."

Akang'oa, akaanza upya. Meneja mzima! Na ya pili Tatu hakusema nzuri, ila alikaa chini akamsaidia mstari wa mwisho.

Katikati ya mwezi Kristian akapanda mlima mwenyewe, kapandwa na hasira, kavaa viatu vya ngozi vinavyong'aa. Alimkuta meneja wake shimoni, matope mpaka magotini.

"Umekiweka kiwanda changu mkiani!"

"Ndiyo, bosi."

"Watu watanicheka Tanga nzima."

"Huku hawacheki tena, bosi. Wiki ya kwanza walicheka. Shuka uone."

Akashuka. Aliona tangi, aliona matete, aliona bomba jipya limelala kando ya mfereji mpaka chini. Alizunguka, mikono nyuma, kama mtu anayekagua nyumba ya mkwewe akitafuta kasoro. Mwisho akasema tu, "Jumamosi ya msaragambo nitakuwepo." Hakusema kama ni kwa heri au kwa shari, na Esteria hakuuliza. Alikuwa na shimo la kumalizia.

Janeth naye akarudi, Ijumaa ya kuamkia msaragambo. Mitambo ikawashwa kwa majaribio, kwa maji ya kununua yaliyoletwa na lori. Akapima tangini, akapima kwenye matete, akapima mfereji, akapima bwawa. Kijani, kijani, kijani, kijani. Kisha akaliona bomba.

"Hili kwa nini linachotea chini? Sikuwaagiza hivyo."

"Ni sheria ya mfereji," Esteria akasema. "Aliyeharibu anahamia mkiani."

Janeth akatoa simu yake, akalipiga picha lile bomba, akarudi nyuma kidogo akalipiga tena na bonde lote. "Nina viwanda vingine ningependa kuvihamishia mkiani," akasema, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikubali chai.

Lakini Janeth hakuwa Tatu. Kibali cha Janeth kinafungua geti. Maji yanafunguliwa na mfereji.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, maana kundi la wasapu la wakulima lilikuwa limewaka wiki nzima. Kristian alisimama nyuma na viatu vyake. Esteria alisimama mbele; yake alishayasema. Alitazama tu mikono ya Tatu, akijaribu kuisoma.

"Tatu," Abubakari akasema. "Mwezi umeisha. Saladi zinasemaje?"

"Zimesimama."

"Ukiyashika, yanateleza?"

"Hayatelezi, hata ya jana waliyojaribu. Vyura wamerudi bwawani, wanapiga kelele hatulali." Watu wakacheka. Tatu hakucheka. "Maji ni mazuri. Wafunguliwe."

Loo, shangwe! Hadija akapiga kigelegele kilichovuka bonde. Heri akamkumbatia mtu asiyemjua. Esteria akafunika uso kwa viganja vyake vilivyokomaa, na akina mama wakamzunguka wakijifanya hawaoni.

"Sijamaliza!" Tatu akapaza sauti. "Hiyo pampu yao wameiweka karibu na banda langu. Jana wakiijaribu ilinguruma kutwa, na leo kuku wangu hawajataga. Iondoke pale."

"Tutaihamisha, mama," Esteria akasema. "Lini?"

"Unaniuliza lini? Kuku wanataga lini?"

Basi wakateremka wote, muda ule ule. Pampu ile ni ya chuma, nzito, inataka watu wanne imara. Esteria akashika pembe moja, Heri ya pili, Abubakari na uzee wake akakatalia ya tatu, akisema asinyimwe thawabu. Ya nne ikakosa mtu. Kristian akatazama kushoto, akatazama kulia, akavua koti, akamshikisha Hadija, akaingia matopeni na viatu vile vile.

Wakaibeba, hatua kwa hatua, wakigombana nani anavuta na nani anasukuma, mpaka ng'ambo ya migomba. Wakaitua. Wakanyoosha migongo.

Tatu akaja nyuma yao polepole. Akaizunguka ile pampu, akatazama ardhi, akatazama jua linakopita, akatikisa kichwa.

"Hapa nitapanda karoti," akasema. "Isogezeni kidogo."

Wakainama tena, wote wanne.